Mabati ya Filamu

Kamera aliyoiokota Leopold Charlery jalalani, nyuma ya hoteli moja mjini Portsmouth, kisiwani kwetu, ilikuwa imekufa kabisa. Ilitupwa na wageni waliokuja kupiga filamu za kimbunga wakarudi kwao. Mwingine angeona chuma chakavu. Leopold, ambaye hajawahi kufanya kazi ya jasho tangu azaliwe, aliona mtaji.

Maana mjini pale alikuwepo Bwana Delsol, muuza mabati. Kimbunga kilipoezua kisiwa kizima, yeye alipandisha bei kabla matope hayajakauka. Sasa serikali ilikuwa ikitafuta wa kumpa zabuni ya kujenga upya, na jina la Delsol lilikuwa halitajwi mahali bila tusi. Leopold akamfuata dukani, kamera begani, tai shingoni.

"Bwana Delsol, nakuona umesimama mbele ya mjane, unamkabidhi mabati. Mama wa watu analia. Jina lako linapita chini ya picha. Hiyo zabuni wampe nani mwingine?"

"Nigawe mabati bure?" Delsol akashika kifua kama aliyechomwa kisu.

"Nani kasema ugawe? Unasema tu umegawa. Tukimaliza kupiga, tunapakia, jioni yako stoo. Filamu ni uongo wenye heshima zake, mzee."

Delsol akatabasamu. Hakujua kwamba jioni hiyo mabati yangekuwa njiani kwenda kwa mnunuzi wa Leopold, upande wa pili wa kisiwa, na kwamba Kendal, dereva wa lori, ameshaahidiwa fungu lake. Leopold naye hakujua kwamba Kendal ni mtoto wa dada yake Ma Philo, yule yule mjane waliyemchagua. Kisiwa chetu ni kidogo. Anayetaka kuiba humu aulize kwanza nani kazaliwa na nani.

Ma Philo ni wa kijijini kwetu, Ans Zaboka. Tangu kimbunga kile alikuwa akilala chini ya turubai, na turubai lenyewe lilishakuwa chekecheo. Mvua ikinyesha anahamisha kitanda, anapanga masufuria, anakaa macho. Na msimu wa vimbunga ulikuwa unaanza wiki ijayo. Mama yule haogopi mtu wala jini, ila kukutwa vile na upepo mwingine aliogopa, na hakuona haya kusema.

Tena, kwa heshima zote, Ma Philo ni nyota. Kila mwenye kamera aliyetua kisiwani alimpiga picha. Amelilia mataifa ambayo majina yake hawezi kuyatamka. Anajua jua likae upande gani na machozi yaanze wapi. Wote walimwachia shukrani, na mmoja alimwachia fulana.

Siku ya kupiga picha, lori likashusha mabati, mbao na misumari uani kwake. Ma Philo akaizunguka kamera mara moja.

"Mwanangu, nilie kabla ya hotuba au baada?"

"Baada, mama," Leopold akasema, akijikaza kuonekana mzoefu.

"Jicho moja au yote mawili?"

"Yote."

"Sawa. Na kamera yako mbona haiwaki taa nyekundu?"

"Hii ya kisasa. Haina haja ya taa."

"Aa, kumbe," Ma Philo akasema, akamtazama Kendal.

"Na wale wanaume nyuma ya nyumba?" akauliza Delsol.

"Wamefuata chungu, baba. Nimepika majimbi na ndizi. Haya, twendeni ufukweni, hapa pabaya. Wageni wote hupenda bahari iwe nyuma ya mtu. Chukueni bati moja la kushika, linatosha."

Wakateremka. Delsol akatoa kifua. "Mimi, Athanase Delsol, natoa mabati haya kwa moyo wangu wote."

"Kata," akasema Ma Philo.

Leopold, ambaye neno hilo lilikuwa lake, akageuka.

"Jua linampiga usoni, anaonekana mwizi. Rudia, baba. Na hapo kwenye moyo usikimbie, unasema kama mtu anayetapika."

Delsol akarudia. Kijiji kikaanza kuteremka kutazama. Jogoo akawika, wakarudia. Kilemba cha Ma Philo kikalegea, wakarudia. Baadaye Delsol mwenyewe akawa anaomba kurudia, maana alishaanza kujipenda. Watoto wakaishika hotuba yote kichwani.

"Nyundo gani hizo huko juu?" Leopold akauliza.

"Sauti za ujenzi. Wenzako huwa wanazilipia."

Leopold akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Huku kwetu kuna kudmen. Jirani anakuja na nyundo yake, mwenye nyumba anapika, na hakuna anayeuliza misumari imetoka wapi. Waliporudi juu, nyumba ya Ma Philo ilikuwa imeezekwa, inang'aa, na Kendal alikuwa akimwaga ramu kizingitini kuibariki.

"Charlery," Delsol akasema kwa sauti ya chini, "nani kaamuru hivi?"

"Yanashushwa, mzee. Sasa hivi."

"Ngazi ile pale," Ma Philo akamwambia Leopold. "Ila kabla hujapanda, mwambie mwenzako yakishushwa yanakwenda wapi. Kendal ananiambia siyo stoo."

Leopold akaitazama ngazi. Ulimi uliomlisha miaka yote ukatafuta mlango mwingine, ukaupata. "Bwana Delsol, kwani utaezua zawadi yako mwenyewe mbele ya watu wote hawa?"

Watoto wakaitika kwa pamoja, "Kwa moyo wangu wote," taratibu, bila kukimbia.

Delsol akautazama umati, akayatazama mabati yake. "Basi filamu yangu naondoka nayo," akasema. Akaipokonya ile kamera, akaikumbatia hadi kwenye gari, akaondoka bila kuaga.

Leopold akamgeukia Kendal. "Nirudishe mjini."

"Fungu langu kwanza, bosi."

"Njoo ule," Ma Philo akamwita Leopold. "Lakini chakula cha kudmen hakiliwi bure. Bati la barazani bado halijapigwa misumari."

Akapanda na suti yake. Alikuwa hajateremka bado mvua ilipoanza, nzito, ikipiga mabati hata watu hawasikilizani. Akateremka, akapokea sahani yake, akakimbilia ndani. Masufuria yalikuwa yametundikwa ukutani, na kitanda kilikuwa mahali pake. Ma Philo alikuwa amekaa juu yake, mikono mapajani, akisikiliza, na machozi yakimtoka, macho yote mawili. Leopold akainamisha uso kwenye majimbi yake, akala.