Kiraka cha Salamu

Jumatatu, 5 Mei

Kikao cha chama. Mama Ampomaa, mwenyekiti wetu, ametangaza kwamba Mkusanyiko wa mwaka huu ndio wa mwisho. Sisi mafundi kompyuta wa Kumasi tupeleke viraka vyetu, vile vijiprogramu vya kuziba kasoro, vijazwe kwenye CD moja, vigawiwe shule na maduka ya uchapaji ambayo bado yanaung'ang'ania ule mfumo wa zamani wa kompyuta. Waliouunda walishaususa. Baada ya hapo, kila mtu na lake.

Wa mwisho! Na jina langu halijawahi kuingia. Miaka sita! Barfi, fundi mwenzangu, ana viraka saba, na kwenye ukurasa wa majina ametajwa mara saba. Nimehesabu tena nilipofika nyumbani. Saba.

Nimepeleka changu. Kiraka cha salamu. Ukiwasha kompyuta, ngoma inalia sekunde arobaini, kisha yanatokea maandishi: Akwaaba, yaani karibu, na chini yake, Kimetengenezwa na K. Dwomoh. Mama Ampomaa akauliza kinatibu nini. Nikasema upweke. Akaniambia, "Dwomoh mwanangu, hebu keti."

Vikwazo viwili. CD imejaa. Halafu kuna kanuni ya mgonjwa: kiraka hakiingii mpaka aje mtu hai, na kompyuta inayomtesa, aseme mbele ya wote inapouma. Kisha kinalazwa siku saba kwa majaribio ndani ya Nana, kompyuta kongwe ya chama. Nana anapowaka wote tunasimama, kama kwa chifu. Huchukua dakika sita kuwaka.

Jumatano, 7 Mei

Nafasi imepatikana! Nilisoma kanuni zote jana, hata za nyuma ya karatasi. Kiraka kikikaa miaka miwili bila mgonjwa, kinatolewa. Na kiraka cha Barfi cha printa za mabango hakijapata mlalamikaji kwa miaka mitatu.

Barfi akaruka juu. Watu hawalalamiki kwa sababu kinafanya kazi, we mtu! Nikamjibu kwa upole kwamba hiyo si hoja, hayo ni majivuno. Kura nne kwa tatu. Kimetoka. Barfi akasema sina haya hata ya kuazima.

Nyumbani, mke wangu Birago amenikumbusha mazishi ya baba yake tarehe 24. Mimi mkwe nimepewa kazi ya bango lenye picha ya marehemu. Kazi moja tu, Dwomoh, akasema. Moja.

Jumamosi, 10 Mei

Mgonjwa wangu ni Anti Pokuaa, muuza waakye, wali wa maharage, wa pale stendi ya teksi. Hana kompyuta. Nimemwazima yangu. Malipo: nitamtengenezea redio.

Tuliyakariri maneno vizuri, mimi na yeye, siku mbili. Alipoulizwa ukumbini inapouma, akayasahau yote. Nikajua nimekwisha. Ghafla akapandwa na hasira za kweli. Akasema kila asubuhi anaiwasha, inamkodolea macho, haimsalimii! Yeye, mtu mzima, mwenye wajukuu!

Mzee Sarpong, katibu, akatikisa kichwa na kusema hata mbuzi wake humsalimia. Kura saba kwa sifuri. Barfi naye kanyoosha mkono! Kasema ananichukia, ila salamu ni salamu.

Jumamosi, 17 Mei

Nana kamaliza siku saba salama. Nakala ya majaribio ya CD imetoka. Nimeipeleka mwenyewe kwa Maanu, mwenye duka la mabango. Nikafuta kila kitu cha zamani kwenye kompyuta yake, nikaweka mpya, nikasikiliza ngoma yangu mara tisa. Maanu akauliza kama haiwezi kufupishwa. Watu hawana utamaduni.

Redio ya Anti Pokuaa: bado. Nina shughuli.

Alhamisi, 22 Mei

Bango. Picha ya baba mkwe, kavaa vazi la kente, anatabasamu. Printa ikaanza. Ikatoka sikio. Ikaendelea. Sikio. Mita nne za sikio, la kushoto.

Maanu akajaribu tena. Ikatoka pua. Akaniambia mashine yake ilikuwa nzima mpaka nilipoleta hiyo CD yangu.

Saa hiyohiyo akaingia mkuu wa ukoo wa kina Birago kukagua kazi. Maanu akazima kompyuta, akaiwasha upya. Ngoma. Sekunde arobaini. Mzee akaingojea hadi mwisho, mikono nyuma, akasoma kwa sauti: Akwaaba. Akasoma na jina. Akauliza huyu K. Dwomoh ni nani. Ananijua! Alipokea vinywaji vya posa yangu kwa mikono yake!

Birago hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba katika ukoo mzima, baba yake ndiye pekee aliyekuwa akinitetea. Ni kweli. Marehemu alikuwa akisema nipewe muda. Nimeona aibu mpaka nikashindwa kula.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda kwa Barfi. Nimebembeleza anirudishie kiraka cha printa. Akauliza mgonjwa ni nani. Nikasema Maanu. Akasema thubutu, mwenye msiba ndiye mgonjwa, na mgonjwa huja mwenyewe.

Basi nikaibeba kompyuta ya Maanu hadi ukumbini. Nana akawashwa. Dakika sita nimesimama, wote wananitazama. Mama Ampomaa akaniuliza, "Haya, mwanangu, inauma wapi?" Nikasema inanitolea sikio. Mzee Sarpong akaandika daftarini, akilitamka polepole: sikio.

Kiraka cha printa kilishalazwa zamani, hakihitaji siku saba. Kinahitaji nafasi. Hapo akaingia Anti Pokuaa, hakualikwa, redio kwapani. Kasema ile kompyuta niliyomwazima sasa inamsalimia mpaka wateja wanaondoka, na redio haijaguswa. Ameondoa malalamiko yake. Salamu ikatoka. Kura saba kwa sifuri.

Barfi alichapa bango kwa mkono wake mwenyewe. Uso mzima, masikio mawili. Nilimshukuru. Akaniambia nimpishe, anafunga mlango.

Jumapili, 25 Mei

Mazishi yamekwenda vizuri. Bango lilisifiwa. Birago amenisemesha, maneno mawili: "Sogeza mguu."

Baada ya ibada ya shukrani nimefungua nakala mpya ya majaribio ya CD, niumie mara moja yaishe. Ukurasa wa majina. Barfi, Barfi, Barfi. Kisha, chini ya kiraka cha printa: Mgonjwa, K. Dwomoh. Tatizo, sikio.

Jina langu! Limeandikwa sawasawa! Kumbe wagonjwa nao huandikwa, na sikuwahi kuwatazama! Miaka sita nahangaika kuwa mganga, kumbe mlango ulikuwa wazi upande wa wagonjwa!

Nimempigia simu Mama Ampomaa. CD zinaanza kunakiliwa Jumatano. Malalamiko yanapokelewa hadi Jumanne. Barfi ana viraka vingine sita, na vyote havina mgonjwa wa karibuni. Sita na kimoja ni saba, sawa na yeye.

Nimeanza na kile cha kibodi. Kibodi ilikuwa nzima, kwa hiyo nimeimwagia chai. Ni ya Birago, lakini mgonjwa nitakuwa mimi.