Mwisho wa Kanda

Tapeli wa kunipiga mimi changa la macho hajazaliwa. Yule aliyeniuzia kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu alikuwa keshazaliwa siku nyingi, kwa hiyo simhesabu.

Basi kulikuwa na jamaa mmoja, mtaa ukimwita Kinanda, maana ulimi wake ulipiga wimbo wowote unaoutaka. Zamani alirudufu kanda za wanamuziki na kuziuza kichochoroni. Kanda zilipokufa akahamia kwenye sidii. Sidii nazo zilipokata roho, akavaa tai akajiita mtaalamu wa matangazo ya mtandaoni. Wizi ule ule, shati jipya.

Siku moja yuko kwa kinyozi, akasikia kutoka nyumba ya nyuma sauti ya mwanamke akiimba jinsi anavyofua mashati ya mume aliyemkimbia. Tamu, mpaka kinyozi akazima mashine. Kinanda akatoka mbio, nusu kichwa kimenyolewa.

Ilikuwa kanda, na mwenye kanda ni Mama Santuri, mwimbaji wa bendi iliyovunjika zamani.

“Mama, niazime hii niiweke kwenye simu za watu. Dunia itakuimba!”

“Na jina langu litatajwa? Mwanangu, sina kingine nilichobakiwa nacho.”

“Litatajwa mpaka ulichoke.”

Kesho yake akairudisha. “Umeisikiliza yote?” mama akauliza.

“Yote! Mwisho ule umeniliza kama mtoto.”

Mama Santuri akacheka peke yake. Kinanda hakuuliza anachochekea.

Kanda aliirudufu nzima, lakini alikuwa amesikiliza kiitikio tu. Siku hizi nani anamaliza wimbo? Alikikata kipande kifupi kama chafya, akakibandika kwenye video ya watu wakikamua nguo, jina la mama akalisahau kwa makusudi. Haukupita muda, mlinzi anakiimba, karani wa benki anakiimba, na meneja wa kiwanda cha sabuni akampigia Kinanda: njoo na wimbo mzima.

“Mwimbaji ni nani?” meneja akauliza, mkataba uko mezani kati ya sampuli za sabuni. “Lazima alipwe.”

Kinanda akanyoosha tai. “Hayupo, bosi. Sauti nimeiunda mwenyewe kwa kompyuta. Haili, hainuni, haiugui.”

“Makubwa! Hebu tuusikilize wote, kisha tutie sahihi.”

Wimbo ukaisha. Kinanda akanyoosha mkono kuchukua kalamu. Mara spika ikakohoa, kikohozi cha haja, kisha ikasema:

“Mimi ni Santuri, wa mlango wa kijani nyuma ya kinyozi. Kama aliyekuuzia sauti hii si mimi, umeuziwa na mwizi.”

Waimbaji wa enzi zile waliacha maneno ya namna hiyo mwisho wa kanda ili kuwaumbua warudufishaji. Nani wa kulijua hilo kuliko Kinanda, aliyekuwa akizikata ncha hizo kwa wembe kila siku? Tai ilikuja, wembe ukasahauliwa.

Meneja akauvuta mkataba upande wake, akamwita dereva. “Nenda nyuma ya kinyozi, mlango wa kijani. Mlete huyo mama, kwa heshima zote.” Kisha akamgeukia Kinanda. “Na hicho kikohozi?”

“Kompyuta, bosi... ina mafua.”

“Si ulisema haiugui?”