Ombi la Kujua Kama Mimi ni Kuli au Springi ya Mlango

Chediel Mkumbo,
Ghala la alizeti la Mzee Alute,
Manyoni.
Jumatano.

Kwa Ndugu Afisa Kazi,

YAH: KUFANYWA SPRINGI YA GARI BILA RIDHAA YANGU

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama sivyo, basi habari za kazi. Mimi ni kuli, mzaliwa wa Kinyangiri kule Mkalama. Niliishia darasa la sita, na huu ni mwaka wa tatu niko hapa Manyoni nabeba magunia. Naandika kwa adabu kwa sababu mgongo wangu hauna tena nguvu ya kuandika kwa hasira.

Mambo yalianza mwezi wa tano. Mwajiri wangu, Mzee Alute, alinunua gari lililotumika, la kufungua milango kwa remoti. Anabonyeza akiwa mbali, gari linalia, milango inafunguka. Manyoni nzima ilionyeshwa. Wiki ya pili mlango wa dereva ukagoma. Fundi Joshua akaufungua akatuonyesha: ndani kuna mota ndogo kama kidole gumba, na pembeni yake springi. Mota ikianza kuvuta loki, springi inaisaidia, kama mtu anayekusukumia baiskeli mlimani. Springi ilikuwa imekatika. Mota peke yake ilikuwa inanguruma tu, kipini cha loki hakinyanyuki. Fundi akasema springi nyingine itaagizwa, na mpaka ifike, mzee atumie ufunguo.

"Ufunguo?" Mzee Alute akashangaa. "Kama mlango wa stoo?" Kisha akanigeukia. "Chediel, wewe si una mkono?"

Tangu siku hiyo mimi ndiye springi. Nafungiwa ndani ya gari, mzee anakwenda kwenye shughuli zake. Akirudi anabonyeza remoti, mota inanguruma, nami nanyanyua kipini. Siku ya kwanza nilimweleza kwamba mtu aliye ndani anaweza kufungua mlango bila mota wala remoti. Akanijibu, "Sasa remoti nimeinunulia nini?" Swali hilo nakuletea wewe uliyesoma.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kujikunja. Springi ya kiwandani haionekani kwa sababu imefichwa ndani ya bati. Mimi nina kilo sabini na mbili, kwa hiyo naamriwa nijikunje chini ya usukani, ili watu wauone mlango tu wasiuone mkono. Jumapili iliyopita nilikaa hivyo nje ya kanisa ibada nzima, na mchungaji wetu ni mtu wa maneno mengi. Vioo vilikuwa juu, na jua la Manyoni unalijua. Martha, mama muuza karanga, alichungulia akaniona nimelowa, macho nimefumba, akapiga yowe kwamba kuna maiti. Watu wakajaa. Mzee alipotoka akawatawanya: "Hajafa huyo, yuko kazini." Nimejaribu kuona tofauti, bado.

2. Msaidizi. Mota ile hainyanyui hata nusu kilo. Lakini huko ilikotengenezwa wataalamu walikaa kikao wakaona: hii ikiachwa peke yake itaungua, ipewe wa kuisaidia. Jambo hili nimelifikiria sana nikiwa nimejikunja. Gunia la alizeti lililoshindiliwa nalitoa kwenye mizani mpaka juu ya lori, peke yangu, na hakuna kikao kilichowahi kukaa. Nilipoomba tuwe wawili kwa gunia, niliambiwa nimekuja na uvivu wa kwetu. Kwa hiyo mota ina msaidizi, msaidizi wake ni mimi, na mimi sina. Naomba ofisi yako itamke wazi: kati ya mota na kuli, ni nani aliyezaliwa na mama?

3. Likizo. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, nimelichelewesha ili kwanza utulie. Jumamosi hii wageni wanakuja nyumbani Kinyangiri kumposa binti yangu Evodia. Kijana ni mzuri, sina neno naye. Ila Evodia amebakiza mwaka mmoja chuo cha uuguzi, na kijana ana haraka. Nisipokuwepo, atakayesema kwa niaba yangu ni mdogo wangu Elisha. Elisha ni mtu mwema, hajakataa kitu tangu azaliwe. Kikombe kimoja cha pombe ya mtama na anasema ndiyo kabla hajaulizwa. Mwaka juzi alikwenda kumsimamia jirani kwenye posa, akarudi amekubali binti aondoke wiki hiyo hiyo, na juu yake amewaahidi wakwe ng'ombe. Evodia amenipigia simu analia: "Baba, njoo uwaambie wasubiri mwaka mmoja tu. Baba mdogo hataliweza hilo neno."

Nikaomba siku tatu. Mzee akauliza springi ikienda likizo mlango utafunguliwa na nani. Ndugu Afisa, gari lile lina matairi matano. Manne yanafanya kazi, la tano liko likizo tangu Japani, na hakuna aliyewahi kuliita vivu.

4. Hadhi. Kama mimi ni spea, basi nitendewe kispea. Nipakwe grisi. Nikianza kulia nipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kama breki zinavyopelekwa. Askari wa barabarani akikagua taa anikague na mimi, aandike kwamba kiuno hiki hakifai kuwa barabarani, gari lizuiwe. Na siku likiuzwa, mnunuzi aelezwe mapema kwamba linakuja na Mnyiramba mmoja, mke wake Yasinta, watoto watano na mbuzi, maana seti haivunjwi. Kama unaona hayo hayawezekani, basi mimi ni mtu, na mtu anaomba siku tatu.

Ninachotaka ni karatasi yenye muhuri, isemayo kwamba ni marufuku kumfungia binadamu ndani ya gari afanye kazi ya chuma, iwe kwa saa moja au kwa siku, awe kuli au ndugu. Nitaibandika mwenyewe mlangoni mwa ghala.

Nisalimie wenzako wa ofisini, walio nyumbani kwako, na kila anayelala miguu ikiwa imenyooka.

Ni mimi, mwenye kiuno cha kutu,
Chediel Mkumbo

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Mzee Alute ameniita. Amekubali niende Kinyangiri, ila atanipeleka yeye mwenyewe na gari, anataka wageni wauone mlango. Nikamwambia mimi nitakuwa nimekaa na wageni, siwezi kuwa ndani ya gari. Akauliza basi ni nani. Nimempendekeza Elisha. Nilipompigia simu alisema ndiyo kabla sijamaliza. Atajikunja tangu wageni watakapokaribishwa viti mpaka watakapoukubali ule mwaka mmoja, na vioo vitakuwa juu. Springi ya Fundi Joshua imefika leo asubuhi. Nimemwomba asiifunge mpaka Jumatatu. Na ile karatasi ya muhuri, Ndugu Afisa, tafadhali sana, isinifikie kabla ya Jumapili jioni.