Siku Busawe Walipolikumbuka Somo Langu

Jamani, leo nimepatikana.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nywele zimelowa, nanuka sabuni ya mche kuanzia kisogoni hadi kwenye soksi. Nimeona niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa kijiji cha Busawe. Wale watanogesha.

Kwa wasionijua, mimi ni afisa mifugo hapa Mugumu, mkoani Mara. Kwetu ni Singida, huku nimeletwa na ajira. Nyuma ya ofisi yetu kuna banda la waya la mbwa waliouma watu. Mbwa anafungiwa humo, anaangaliwa kama ana kichaa, na asipokuwa nacho mwenyewe anakuja kumchukua.

Mbwa mmoja, Mashine, hakuja kuchukuliwa na mtu.

Kosa lake ni kumng'ata dereva wa bodaboda aliyemkanyaga mkia (hata mimi ningemng'ata). Muda wa kumwangalia ukaisha, mbwa mzima kabisa, nikamchanja kwa mkono wangu. Mwenye mbwa tunampigia, simu haipatikani. Basi akabaki humo, miezi ikapita, na lile banda likamwingia kichwani. Anazunguka. Kona ile ile, upande ule ule, tangu kunakucha, hadi sakafu imefanya njia. Akichoka kuzunguka anajilamba mguu mpaka nyama inaonekana. Akichoka kujilamba anatafuna waya. Watu wakiwepo hagusi chakula. Jina alipewa na mlinzi wetu, kwa sababu anazunguka kama mashine ya kusaga.

Nilimweleza mkuu wangu kwamba mbwa ana msongo wa kufungiwa. Akaweka kalamu mezani.

"Mbwa ana msongo? Na mimi mwenye watoto sita niseme nini?"

Juzi akanipa maneno ya mwisho. Banda linahitajika Jumatatu, kuna mbwa wengine wanaletwa. Mashine akipata pa kwenda, heri. Asipopata, Jumatatu asubuhi achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Na mchoma sindano katika ofisi yetu ni mmoja tu. Ndiye huyu anayewaandikia.

Nikaanza kumtembeza kwa maneno mji mzima. Kila mtu maswali yale yale. Anabweka? Hapana. Anauma? Hapana, ila ukimkanyaga. Sasa anafanya nini? (Hapo nilikuwa nasema "ni mtulivu". Mungu anisamehe.)

Jana nikakutana na Bibi Nyangi kwenye josho la mifugo. Ni mjane wa Busawe, mama wa makamo ya kuitwa bibi, ana mbuzi na fisi wanammalizia. Mbwa wake alikufa masika yaliyopita. Nikamwambia ninaye mmoja, amekonda kidogo, amefungiwa muda mrefu, anahitaji tu mahali pa wazi. Sikuficha. Hata kuzunguka nilimwambia. Akasema, "Niletee, binti yangu. Hata mimi nilipofiwa nilizunguka-zunguka humu ndani kama sina akili. Iliisha."

Nilitoka pale nataka kulia kwa furaha.

Leo Jumamosi nikaamka mapema. Nikampikia ugali na dagaa, nikamwachia, nikajificha nyuma ya ukuta. Akala mpaka akalamba sufuria! Nikaona hii ni dalili njema. Nikavaa sare iliyopigwa pasi na wigi jipya (msiniulize mtu anavaaje wigi kwenda kupeleka mbwa; nilitaka aonekane anatoka kwa watu wa maana). Nikaazima pikipiki ya ofisi, nikafunga nyuma tenga la kuku, nikamtia Mashine ndani. Fito zikanikwaruza mkono, nikapuuza. Twende.

Sasa, mimi ni mtaalamu wa wanyama. Nimesoma. Nina cheti. Nimempa mbwa ugali na dagaa tumbo pomoni, nimemfungia kwenye tenga, nimempitisha kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo hadi Busawe. Mnajua kilichotokea. Alitapika kabla hatujafika nusu ya njia. Kisha ikawa mate. Mate yakamtoka mfululizo, mazito, meupe, yananing'inia kwenye fito za tenga yanapepea.

Tulipofika, Bibi Nyangi alikuwa anatusubiri mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, dokta. Karibu, karibu na mgeni wangu."

Alikuwa amefagia uwanja. Chini ya ghala lake la mahindi, lile la kuinuliwa kwa nguzo, ametandika majani makavu na gunia. Pembeni sufuria mpya ya maji. Kamba ameisuka mwenyewe kwa katani. Hakuna mtu aliyewahi kumtandikia Mashine kitu.

Majirani wakaja kutazama. Watoto ndiyo usiseme, wametoka kila upande. Nikasimama kama mgeni rasmi, nikafungua tenga.

Mashine akaanguka chini, miguu imekufa ganzi. Akasimama akipepesuka. Mate hadi kifuani. Akatazama uwanja mzima, mpana, usio na waya hata mmoja. Halafu akafanya kitu pekee anachokijua.

Akazunguka.

Bibi Nyangi akamsogezea maji. Sufuria mpya ikametameta juani, Mashine akaruka nyuma kama ameona nyoka.

Watoto wakatazamana. Hapo sasa ndipo ninapotakiwa kuwaambia jambo nililolisahau kabisa.

Mwaka huu huu nilikuja Busawe kwenye kampeni ya chanjo. Nilisimama uwanja wa shule na kipaza sauti, nikawafundisha dalili za kichaa cha mbwa. Na kwa kuwa najipenda, nikawatungia watoto kiitikio ili wasisahau.

Hawakusahau.

Kasichana kamoja kakasema kwa sauti ya kuongoza kwaya, "Akizunguka bila sababu?"

"HUYO!" wakaitika wenzake.

"Akitoa povu mdomoni?"

"HUYO!"

"Akiogopa maji?"

"HUYO!"

"Tufanyeje?"

"TUPANDE JUU, TUPIGE YOWE!"

Wakapanda juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, wote, kwa mpangilio mzuri kabisa, wakubwa wakiwavuta wadogo. Nilivyowafundisha. Kisha wakapiga yowe. Ndugu zangu wa mikoa mingine, yowe la huku si la kuchezea. Huku yowe likipigwa ng'ombe wameibwa au mtu amekufa. Sikumaliza kusema "jamani ngojeni" wanaume walishafika. Mapanga, marungu, mmoja ana upinde na mishale!

Mbele yao Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwita, mtu mwenye heshima zake.

"Dokta, sogea pembeni."

"Mwenyekiti, shikamoo. Mbwa huyu ni mzima! Amechanjwa! Nimemchanja mimi!"

Mzee Mwita akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ulituambia hivyo hivyo. Kwamba mwenye mbwa atasema ni mzima, atasema amechanjwa, tusimsikilize."

"Ni kweli alisema," wakaitikia nyuma yake.

Nilisema. Nilisema kwa kipaza sauti. Nakumbuka hadi nilivyopunga mkono.

"Lakini mimi ni dokta!"

"Ulisema hata akiwa mtu mkubwa."

Mwenye upinde akasogea. "Mura," akaambiwa, ndivyo huku wanavyomwita kijana, "ngoja kwanza dokta atoke." Mimi nikaona hapa maneno yameisha. Nikajirusha chini nikamkumbatia Mashine, sare, wigi na vyote. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Akaficha uso wake kwenye mkono wangu, mate yote yakanimwagikia pale pale fito ziliponikwaruza.

Mama mmoja akapaza sauti, "Amepata mate kwenye kidonda!"

Sasa, somo lile lilikuwa na sehemu ya pili. Mimi niliikumbuka wakati nimeshanyanyuliwa hewani. Mtu akiguswa na mate kwenye kidonda, aoshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, robo saa nzima, hata akikataa.

"Hata akikataa" niliongeza mwenyewe. Niliona inapendeza.

Akina mama wanne wakanibeba mpaka kwenye pampu ya maji. Mmoja anapampu. Mmoja ameshika kipande cha sabuni ya mche. Kiongozi wao Mama Ghati, mikono ya kufua mablanketi, alinisugua mkono, akaona hautoshi, akapanda begani, akaona kwa usalama aendelee tu. Nikipiga kelele anasema, "Vumilia, dokta, uliyasema mwenyewe." Wigi likatoka. Watoto juu ya jiwe wakapiga yowe upya, wakidhani ni mnyama mwingine.

Lakini kusema kweli sikuwa nalia kwa sabuni. Nilikuwa nimeshikwa kichwa chini, siwezi kuona uwanja, na upande wa Mashine kulikuwa kimya. Nikajua wamemmaliza. Nikawaza nimemtoa kwenye banda nimemleta auawe na watu waliofundishwa na mimi. Nililia kwa sauti, na povu likaniingia mdomoni. (Bahati nzuri hawakuliona hilo povu.)

Waliponiachia nikakimbia, maji yanachuruzika. Mashine alikuwa ameingia chini ya ghala. Pale pa kuingilia, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Bibi Nyangi na mikono imefungwa kifuani.

"Ghala ni langu," aliwaambia. "Atakayepiga humu atamwaga mahindi yangu, na atayaokota."

Wanaume wazima na mapanga yao wamesimama wanatazamana. Basi Mzee Mwita akatoa simu, akampigia mkuu wangu, akaweka spika ili wote wasikie. Akaeleza dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule wa kiitikio.

Simu ikacheka.

"Ah, si Mashine huyo? Huyo hana kichaa, huyo kachoka kufungwa. Nilimwambia huyo binti hakuna atakayemchukua. Kwani kafika naye mpaka huko?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwenye upinde alicheka hadi akakaa chini. Mimi katikati yao, nimelowa, sare imenishika mwilini, wigi nimelikamata mkononi linadondosha maji. Mzee Mwita akanipa mkono kwa heshima zote.

"Utusamehe, dokta. Ila somo tulilishika."

"Asante, mzee," nikasema. Nikakamua wigi.

Walipoondoka nikainama kuchungulia chini ya ghala. Mashine amelala juu ya lile gunia. Hazunguki. Hajilambi. Amelala kabisa, usingizi wa kukoroma, mguu mmoja unacheza. Miezi yote ile sijawahi kumwona amelala hivyo.

"Bibi," nikasema, "umeona? Mahali panamfaa."

Bibi Nyangi alichungulia naye. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Binti yangu, mimi nakuamini. Ningemfuga hata leo. Lakini mbwa gani hazunguki kabla ya kulala? Leo wamecheka, ila kesho kila akijizungusha, watoto watapanda jiwe. Nikienda shamba nitarudi nikute wameshampiga. Nimeshazika mbwa mmoja. Sitaki kuzika wa pili kwa kukosea."

Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo nimeutengeneza mimi.

Kumwamsha pale ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizofanya leo. Kuliko kuoshwa. Alifungua macho, akaona tenga, akaanza kutetemeka tena. Bibi Nyangi akatupatia ile kamba ya katani, akasema ni yake, aende nayo. Tenga nililiacha Busawe. Nilimfunga Mashine mbele yangu kwa khanga ya bibi kama mtoto, tukarudi polepole, tukisimama kila alipotaka kutapika.

Kufika nyumbani, mwenye nyumba wangu, Mzee Athumani, fundi cherehani mwenye asili ya Tanga, mpole hadi anakera, akatutazama wote wawili.

"Pole, mwanangu. Sina ugomvi na mbwa. Ila uani hapa tunatawadha, tunaswali. Leo na kesho nitavumilia. Jumatatu mtafutie pengine."

Halafu akajaza maji kwenye kopo, akalisukuma kwa fimbo mpaka karibu na Mashine. Mashine akanywa yote, akatafuta mengine. (Sasa ndiyo unakunywa maji, wewe!)

Kwa hiyo niko hapa uani kwenye ndoo, naye amelala miguuni pangu. Nimeshaamua. Bandani harudi, na ile sindano siichomi, wakitaka wanihamishe. Natafuta chumba cha kupanga, Mugumu au pembezoni, chenye uwanja usio na waya, kabla ya Jumatatu. Wapangaji tuko wawili. Mmoja anazunguka kidogo, mwingine hatafundisha tena mtu kitu.

Kucheka mtacheka tu, nawajua. Ila niulizieni chumba kwanza.