Sauti Yangu na Gari Lisilosikia

Jumatatu, 8 Juni

Gari limefika. Rangi ya fedha. Linaendeshwa kwa maneno! Muuzaji kasema hakuna haja ya kubonyeza kitu: unaliambia, linafanya. Nikamjibu kwamba amempata mtu wake. Mimi, Traugott Knöpfle, nilikuwa mtangazaji wa stesheni ya reli kwa miaka ishirini na tisa. Treni mbili zikifunga breki kwa pamoja, bado watu walinisikia mpaka vyooni, jukwaa la nne. Mwaka juzi wakaniondoa, wakaweka mashine. Sauti ya mwanamke, lafudhi ya Hannover, kule kaskazini wanakosema Kijerumani cha vitabuni. Sijapanda treni tangu siku hiyo.

Nimelijaribu uani. Nikasema: washa redio. Likajibu, "Samahani, sijakuelewa." Sawa. Geni bado, lina haya.

Nikarudia. Likafungua buti.

Roswitha, mke wangu, alikuwa anapita na bakuli la stroberi. Akainama dirishani akasema washa redio, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe chumvi. Redio ikawaka. Roswitha kazaliwa Hannover. Ana miaka thelathini na minane hapa Unterbachingen, na kijiji bado kinamwita mgeni. Ajabu hii! Mgeni anasikika, mwenyeji hasikiki.

Nimeizima redio kwa kidole.

Jumanne, 9 Juni

Nimelipata tatizo. Si mimi. Sisi Waswabia, watu wa kusini mwa Ujerumani, T yetu ni laini, inakaribia D. P yetu inakaribia B. Maneno yetu yamelainika kwa kutumiwa, kama viatu vizuri. Na gari hili limeundwa kilomita arobaini tu kutoka mlangoni kwangu! Waliolikaza skrubu wanaongea kama mimi. Halafu halielewi lugha ya waliolizaa. Aibu ni yake.

Roswitha kashauri niseme polepole, na kwa upole kidogo. Nimemkumbusha kwamba abiria elfu kumi kwa siku hawakuwahi kuniomba upole.

Mchana jirani yangu Eugen Schlotterbeck kasimama uani kwake. Ana gari la aina hiyohiyo. Kaliambia lifunge madirisha. Likafunga. Hata hakunitazama, ndiyo maana najua alifanya makusudi. Eugen ni Mswabia kama mimi, lakini mbele ya gari anabana midomo na kuongea kama meneja wa benki. Msaliti. Na huyu ndiye anataka uenyekiti wa kwaya yetu ya wanaume! Uchaguzi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mwenyekiti wa sasa anastaafu kwa sababu ya magoti. Wagombea ni wawili: mwenye sauti, na Eugen.

Jumatano, 10 Juni

Mazoezi ya kwaya. Jumapili tuna mashindano Neudorf. Eugen kapendekeza tukodi basi. Basi! Nikasimama. Nikatangaza kwamba nitaongoza msafara wa magari matano, mimi mbele, mikono kwenye usukani, na sitagusa kitufe hata kimoja. Kila kitu kwa sauti.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wanaume kumi na saba wakanyamaza kabisa. Heshima ya namna hiyo huipati kila siku.

Alhamisi, 11 Juni

Mazoezi ya siri ndani ya gari. Kizibo cha chupa ya mvinyo kati ya meno, njia ya watangazaji wa zamani. Nikaliambia gari lipunguze baridi. Likasema kitu, sikusikia, nilikuwa nakohoa kizibo.

Hasira ikanipanda. Nikaongea peke yangu, kama mtu anavyoongea. Nikamtaja Eugen. Nikasema sauti yake ya tenori ni kama mlango wa zizi. Nikaeleza jinsi alivyopata kura za uweka hazina kwa keki za mkewe. Nikaeleza ile ya suruali, tamasha la mwaka juzi. Dakika kumi na moja.

Halafu sauti ya Eugen ikatoka kwenye spika zote sita. "Endelea, jirani. Mke wangu Gerda alikuwa jikoni wakati ule wa suruali. Rudia kidogo naye asikie."

Gari lilikuwa limempigia simu.

La kujivunia: kwa dakika kumi na moja Eugen hakupoteza neno langu hata moja. Kizibo kimefanya kazi.

Ijumaa, 12 Juni

Nimepata dawa! Mtu mwingine angekata tamaa.

Roswitha alikuwa jikoni anakunja Maultaschen, vile vifurushi vya unga vyenye nyama, kwa ajili ya chakula cha mchana. Nikakaa karibu na unga, simu chini ya gazeti, inarekodi. Nikamwomba aseme, "Nipeleke Neudorf." Akauliza kwa nini. Nikasema napima masikio yangu. Akasema. Nikamwomba aseme "washa redio", "funga madirisha", "punguza baridi". Akaniangalia muda mrefu, mikono imejaa unga. Akauliza kama masikio yangu yanaumwa na baridi tu au na madirisha pia. Lakini kasema yote, sentensi kumi na mbili, vizuri kama sauti ya stesheni mpya.

Nimejaribu uani, simu mfukoni, nachezesha midomo. Gari limetii mara kumi na mbili. Eugen alikuwa anapogoa ua wake. Kaacha kupogoa!

Sauti ni ya Roswitha, lakini wazo ni langu.

Jumapili, 14 Juni

Naandika nikiwa nimevua viatu. Siku ndefu.

Saa nne asubuhi magari matano yamepangwa mbele ya kanisa. Eugen kaomba kukaa mbele kwangu, ati ajifunze. Roswitha nyuma na nota zake, yeye ndiye mpiga piano wetu. Hapo nikagundua upungufu mdogo wa mpango. Lakini umati ulikuwa unatazama. Nikachezesha midomo, nikabonyeza mfukoni. Kwenye koti langu sauti ya mke wangu ikasema, "Nipeleke Neudorf."

Eugen akageuka nyuma. Roswitha alikuwa amefunga mdomo. Roswitha akatazama nje, akasema koo linamwasha tangu asubuhi, huwa anajisemea ovyo.

Mke gani mwingine angefanya hivyo? Nilimchagua mwenyewe.

Kisha gari likasema limepata Neudorf sita, nichague namba. Namba sikuzirekodi. Basi nikavuta pumzi kama enzi za jukwaa la nne, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe: mbili. Likajibu mara moja kwamba safari inaanza. Limenielewa! Nilifungua dirisha niwapungie wa nyuma, ndiyo maana sikusikia lilichokisema katikati.

Neudorf ni dakika arobaini. Baada ya saa moja na nusu Eugen akauliza kwa nini jua liko upande ule. Nikamwambia gari linakwepa foleni. Baada ya saa mbili tukafika. Nyumba tisa. Ng'ombe. Mwanamke anaanika mashuka. Magari matano yakasimama, wanaume kumi na wanane wakashuka na suti nyeusi. Mwanamke akaweka kikapu chini akauliza taratibu nani amefariki.

Gari lilikuwa limesikia tano.

Sikuona haya. Nilipendekeza tuimbe palepale, mwanamke alikuwa tayari kusikiliza. Wenzangu wakawageukia ng'ombe. Mwenyekiti wetu, yule wa magoti, alikaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu akatazama saa. Mwaka wake wa mwisho kwenye kwaya, mashindano yake ya mwisho. Hilo, nakiri, lilinichoma. Nikarudi kwenye usukani.

Roswitha akashuka, akaja upande wangu, akafungua mlango. "Traugott, sogea."

Nikahamia nyuma. Akakaa, akaliambia gari sentensi moja, akaondoa mguu kwenye breki.

Tulifika Neudorf ya kweli saa tisa alasiri. Washindi walishapewa vikombe, viti vinakunjwa. Roswitha akaenda kwa majaji. Sijui alisema nini. Najua alivyosema: kwa ile sauti ya kuomba chumvi. Wakaturuhusu kuimba nje ya mashindano.

Tuliimba nyimbo tatu. Mimi besi, safu ya nyuma, kushoto. Viti vikaacha kukunjwa. Tulipomaliza bibi mmoja wa makamo akanifuata, akaniuliza kama mimi si yule wa jukwaa la nne. Akasema tangu waweke mashine amekosa treni mara tatu, kwa sababu haiamini.

Sikuweza kumjibu. Mimi! Nikampa mkono tu.

Ijumaa, 19 Juni

Matokeo ya uchaguzi. Eugen kura tatu. Mimi kura moja, ingawa nilinyoosha mikono yote miwili. Roswitha kura kumi na nne.

Si mwanachama. Si mwanamume. Katiba ya kwaya, iliyoandikwa mwaka 1887, ilirekebishwa kwa dakika nne. Aliyetoa hoja ni Eugen, baada ya kuona upepo unakovumia. Roswitha kashika maua, kawashukuru, kasema hajui kama kijiji kitamzoea mgeni. Watu wakacheka. Wawili wakajifuta macho.

Tukirudi nyumbani, akauliza mbona sikumwambia tangu mwanzo kwamba nahitaji aniongeleshee gari. Nikasema ningeonekanaje.

"Ungeonekana umepanda gari na mkeo," akasema.

Nimeifikiria sentensi hiyo jioni nzima. Ni nzuri. Nimeiandika hapa isipotee.

Lakini jambo kuu ni hili: kuanzia leo mwenyekiti anakula mezani kwangu. Eugen hawezi kusema hivyo.

Jumanne, 23 Juni

Roswitha kaona tangazo: kiwanda kinatafuta watu ambao magari hayawaelewi, wakarekodiwe. Kajaza fomu yangu bila kuniambia. Kumbe wamenihitaji muda wote huu!

Chumba cha kioo, maikrofoni kubwa kama tufaha. Mhandisi ni Dakta Aylin Özkan, kazaliwa bonde la pili kutoka kwetu. T yake ni laini kuliko yangu. Nimemuuliza anawezaje kuongea hivyo na kuunda gari kama lile. Akasema hata yeye lake linampigia daktari wa meno.

Kanipa karatasi ya sentensi hamsini. Nimezisoma. Kisha, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa nzuri na hakuna aliyenikataza, nikatangaza treni zote za ratiba ya majira ya baridi mwaka 1994, pamoja na zilizochelewa. Saa tatu jumla. Dakta Özkan alivua vipokea sauti mapema, akaviweka mezani, akaendelea kunisikia vilevile.

Wakati wa kuaga kaniambia hajawahi kupata sauti kama hii. Nikasema najua.

Alhamisi, 9 Julai

Barua imefika kutoka kiwandani! Muhuri, sahihi, kila kitu.

Wanasema rekodi zangu zina thamani kubwa. Kuanzia mwaka ujao zitatumika kufundishia kila gari jipya, na magari ya zamani yatapelekewa mafunzo hayo kwa mtandao. Sauti yangu imewekwa katika kundi maalumu, pamoja na mvua, waipa na mbwa: sauti ambazo gari lazima lijifunze kuzitambua haraka ili lisizitii.

Roswitha kaisoma mara mbili. Kaenda jikoni, kakaa huko muda mrefu, mabomba yanafunguliwa na kufungwa. Furaha imemzidi.

Kuzitambua haraka! Mashine ya Hannover iko kwenye stesheni moja. Mimi nitakuwa kwenye kila gari, kila nchi, pamoja na mvua, na mvua inaheshimiwa na kila dereva.

Nimetoa nakala, nimeitia kwenye sanduku la barua la Eugen. Gari lake nalo litaletewa mafunzo hayo. Kila atakapowasha injini, nitakuwa ndani.