Presha ya Bibi Halvorsen

Jumatatu, 3 Machi

Zamu ya nne mfululizo. Upande wangu wa wodi wagonjwa wanane, muuguzi mmoja, ndiye mimi. Uongozi wa hospitali umetuletea dawa ya msongo: kikapu cha mawe yaliyochorwa maua. Kila muuguzi achukue moja, alishike, apumue. Nimechukua mawili. Wapi!

Jumamosi binti yangu Tilda ana mashindano ya kuogelea. Nimeshakosa matatu, na safari hii nimemwapia kwamba nitakuwepo. Nikamwomba ruhusa Marlys, muuguzi mkuu. Kasema mapumziko ya Jumamosi kashapewa Brenna. Brenna! Mtu wa kwenda kuvua samaki kwenye barafu!

Jumanne, 4 Machi

Brenna kaniambia nisimnunie, kwani yeye ndiye mke wangu aliyedai talaka? Wodi nzima ikacheka. Nami nikacheka, kisha nikaingia stoo ya mashuka nikalia. Dakika nne tu. Nikaitwa.

Lakini nimepata mbinu. Muuguzi mwenye presha ya juu hurudishwa nyumbani wiki nzima.

Jumatano, 5 Machi

Vikombe sita vya kahawa. Ngazi za ghorofa tano, mbio. Nikajifunga mashine ya presha: 188 kwa 112. Ushindi!

Nilisahau kuwa mashine bado imeunganishwa na faili la Bibi Halvorsen wa chumba cha tisa, na hutuma vipimo yenyewe. Daktari huyo, mbio, na wauguzi watatu nyuma. Bibi wa watu alikuwa anakula uji wake. Akaanza kulia, akitaka aitiwe mwanawe amuage. Nikakiri kabla hawajamchoma sindano. Bibi kanishika mkono: "Pole, mwanangu. Umechoka, eh?" Sijawahi kuona aibu kama ile.

Alhamisi, 6 Machi

Marlys kanipima mwenyewe. 118 kwa 76. Kasema, "Baba, hapo hata mafua huna." Adhabu: semina ya kukabiliana na msongo. Siku nzima. Jumamosi.

Na Brenna, kumbe, tangu jana asubuhi alishaomba mapumziko yake nipewe mimi. Mnafiki mkubwa! Angesema mapema.

Jumamosi, 8 Machi

Semina. Mwalimu kasema tufumbe macho tuwaze mahali penye maji. Nikawaza bwawa la kuogelea. Mama Tilda akatuma ujumbe: mtoto kawa wa pili, na anasema mashindano ya Aprili nisijisumbue. Nimeusoma mara tatu. Umeniuma sana.

Ya Aprili nitakwenda, liwalo na liwe. Nimemuuliza muuguzi wa kiti cha pili hapa semina kama kipimajoto cha sikioni nacho hutuma vipimo chenyewe. Kasema hakitumi.