Sofa Lililokwenda Baharini

Jumatano, 4 Machi
Balaa! Shemeji kanunua tiketi za sinema ile mpya: viti vinatikisika, upepo unavuma, mvua inanyesha humo humo ndani. Anawapeleka dada yake, yaani mke wangu, na mama yao Jumapili, siku ya kumbukumbu ya ndoa yangu! Mimi sikutajwa. Nikatangaza kwamba nyumbani kwangu wataona makubwa zaidi. Mke wangu akasema haya, Jumamosi tuone. Nikishindwa, anakwenda na kaka yake. Kinyozi mzima nishindwe na kiti?

Alhamisi, 5 Machi
Projekta nimeazima kwa mpiga picha. Skrini ni shuka la wageni. Upepo, mashine yangu ya kukaushia nywele. Mvua, chupa ya kunyunyizia ya saluni. Tatizo mtikisiko! Kisha nikapita bafuni, nikaiona mashine ya kufulia ikicheza yenyewe. Nikapiga ukelele. Mke wangu akauliza kama nimeteleza.

Ijumaa, 6 Machi
Mashine nimeifungia sofani kwa kamba. Nikaiwasha tupu. Nyumba nzima ilitetemeka! Jirani kaja kuuliza kulikoni. Nimemfukuza. Wivu tu huo.

Jumamosi, 7 Machi
Filamu ya dhoruba. Mama mkwe katikati ya sofa, shemeji pembeni na tabasamu lake la dharau. Wimbi la kwanza, nikawasha mashine. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu! Nikaleta upepo. Nikaleta mvua. Akalia kwamba macho yanamwasha. Lo! Nimenyunyiza spiriti ya kupaka wateja baada ya kunyoa! Nikakimbilia taulo, mashine ikaanza kuzunguka kwa kasi ya kukamua nguo, na sofa likaondoka. Naapa, liliondoka! Lilikwama mlangoni na mama mkwe juu yake, macho kayafumba, akiuliza kama tumefika bandarini.

Jumapili, 8 Machi
Wamekwenda. Mke wangu alisema angebaki, kama si macho ya mama yake. Iliniuma. Nikawafuata kimyakimya, nikakaa safu ya nyuma yao. Viti vikatikisika kidogo, matone mawili matatu yakadondoka. Mama mkwe akasema kwa sauti kwamba hii ni ya watoto, ya mkwe wake ndiyo ilikuwa bahari. Nikasimama kwenye kiti nikashangilia! Nimetolewa nje.

Nimekaa kwenye ngazi, natafakari. Kosa langu sasa naliona wazi kabisa: mashine ilikuwa moja. Jirani ana nyingine, tena kubwa. Nakwenda kumwomba msamaha.